Siku Aliyopanda Ndege Kapita Anselemi

Vijana wangu, chukueni tone moja la esanse, yaani petroli, mliweke kiganjani, halafu msubiri kidogo. Esanse safi itawapa baridi kama upepo wa milima ya Mulenge asubuhi, kisha itaondoka na kuacha ngozi kavu. Kama kuna kitu kimebaki pale na kinang'aa, hayo ni maji. Injini ya lori ikinywa maji itazimika, dereva atashuka akitukana, abiria watasukuma, na jioni mtafika. Injini ya ndege ikinywa maji, hakuna wa kushuka kusukuma.

Somo hilo nililipata kwa Kapita Anselemi, msimamizi wetu, siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata hajaniuliza jina. Alinishika mkono, akanimiminia tone, akawa ananitazama usoni badala ya kutazama kiganja. Nilipofuta mkono kwenye suruali kabla ya wakati, akanimiminia lingine. Tulirudia hivyo mara nne. Mara ya tano nikatulia mpaka mwisho, ndipo akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia Fideli, mtoto wa Nyamianda, baba yangu mvuvi. Akataka kujua kwa nini nimeacha mtumbwi wa baba. Nikamwambia ukweli: nikipanda mtumbwi natapika. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema basi nimefika mahali pangu, kwa sababu hapa kazi yetu ni kupandisha wengine na sisi kubaki chini.

Nilibaki chini miaka zaidi ya thelathini. Nimemimina mafuta ya ndege wakati wa Wabelgiji, wakati wa uhuru, wakati wa vita na baada ya vita. Mnapenda kuniuliza, ninyi wajukuu na rafiki zenu, kumimina mafuta ni ufundi gani wa mtu kujivunia. Leo nitawajibu, lakini mtanivumilia, kwa sababu siwezi kueleza kazi hiyo bila kumweleza Anselemi, na siwezi kumweleza Anselemi bila kufika siku ile.

Kiwanja chetu kilikuwa kaskazini mwa Uvira, pale tambarare ya Ruzizi inapokutana na ziwa. Lami haikuwapo, ni majani matupu. Tulikuwa na kibanda kimoja cha mabati, mapipa ya esanse yaliyopangwa mstari, mizani kubwa iliyokuwa ikipimia pamba, na mfuko wa kitambaa cheupe juu ya mlingoti wa kutuonyesha upepo. Wafanyakazi tulikuwa sita: watano wa kukata majani, kupima mizigo na kumimina mafuta, na kapita wetu Anselemi. Ndege ilikuwa moja, ndogo, ya injini moja, yenye viti vinne ukihesabu cha rubani. Ilibeba barua, dawa, wagonjwa, na mabwana waliokuwa na haraka ya kwenda Usumbura, Bukavu au Albertville. Miji hiyo miwili, Usumbura na Albertville, ninyi mnaiita Bujumbura na Kalemie.

Anselemi alikuwa Mrundi wa tambarare, mtu wa Bwegera, mfupi, mwenye masikio makubwa na sauti ndogo. Kazi alijifunza wakati wa vita vya Wazungu, kwenye kiwanja kimoja cha jeshi. Shule hakukaa sana. Hesabu zake aliziandika kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda, na hakuna karani aliyewahi kuzikuta na kosa. Sifa alikuwa hatoi. Ukifanya kazi vizuri, alikuwa anaondoka tu kwenda kutazama kitu kingine. Ukiikosea, alirudi.

Kwangu alirudi mara nyingi. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mapipa mapya nikayasimamisha wima, nikaona yamependeza, yamekaa kama askari. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena. Anselemi alipotoka likizo alichukua kioo cha taa, akakinga mafuta kidogo kutoka pipa la kwanza, akaniwekea mbele ya macho. Chini kabisa mlikuwa na shanga tatu za maji, zinacheza.

"Pipa inapumua kama muntu," aliniambia. "Jua ikipiga, inatoa pumzi. Baridi ikikuja, inavuta. Ukiisimamisha, mvua inakaa pale juu kwenye kizibo, na yeye anavuta ile maji ndani. Ilaze."

Tangu hapo mapipa yangu yote yamelala ubavu, vizibo viwili vikiwa sawa kulia na kushoto, ili mafuta ya ndani yavibane na hewa isipite. Lakini kwanza nilichuja pipa zima lile, peke yangu, kwa siku mbili. Kulikuwa na ngozi laini kama kitambaa iliyotoka Ulaya. Unaiweka kwenye faneli, unailowesha kwa esanse kwanza, halafu unamimina polepole. Esanse inapita, maji yanakataliwa yanabaki juu. Usipoilowesha kwanza, itapitisha vyote. Na kabla ya kumimina unafunga waya kutoka faneli mpaka kwenye chuma cha ndege, kwa sababu mafuta yakitiririka yanazaa cheche ambazo huwezi kuziona. Siku hizi kuna gari lenye pampu, kuna chujio la karatasi, kuna dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Vizuri sana. Lakini nimeona vijana wanaotazama dawa tu, mafuta hawayatazami.

Rubani wetu alikuwa Mbelgiji mwembamba, mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu. Jina lake la kizungu lilikuwa kwenye karatasi; sisi tulimwita Bwana Sigara. Siku alipofika mara ya kwanza aliwasha sigara akiwa amesimama katikati ya mapipa. Msifikiri wakati ule mtu mweusi alikuwa anamkataza mzungu jambo. Anselemi hakumkataza. Alituita sote kwa mkono, tukatoka mbio ndogo, tukaenda kusimama mbali kabisa, mwisho wa kiwanja, tukimtazama. Bwana yule alishangaa, akapaza sauti kuuliza kuna nini. Anselemi akavua kofia, akamjibu kwa adabu zote kwamba tunangoja amalize kuvuta.

Alitazama sigara, akatazama mapipa, akabadilika rangi. Halafu akacheka. Kuanzia siku hiyo, kila alipokuwa kiwanjani, alibeba mdomoni sigara isiyowashwa, akiitafuna mpaka inalegea. Na kuanzia siku hiyo wakawa marafiki, wale wawili, kwa namna iliyowezekana nyakati zile. Hawakula meza moja. Lakini Bwana Sigara alikuwa haruki mpaka Anselemi amesema upepo ukoje, na mara mbili nilimwona akizima injini na kushuka kwa sababu kapita amekunja uso.

Walibishana pia, hasa juu ya uzito. Ndege ndogo haisamehe kilo. Kila abiria alipanda kwenye ile mizani ya pamba na mzigo wake mkononi, awe nani. Kuna padri mmoja mnene, mtu mwema sana, aliyetaja kilo zake mwenyewe na kuomba asipandishwe mbele za watu. Anselemi, ambaye hakukosa misa hata Jumapili moja, akamwambia kwa upole kwamba kanisani padri ndiye anayesikiliza maungamo, lakini hapa anayesikiliza ni mizani. Padri akapanda. Alikuwa amejipunguzia kilo kumi na nane. Bwana Sigara alilazimika kugeuka upande wa ziwa ili asionekane anacheka.

Na kulikuwa na ng'ombe. Watu wa Mulenge walishusha mifugo yao kwenda kuuza, na majani yetu mafupi yaliwapendeza ng'ombe kuliko majani yote ya tambarare. Nimewahi kuona ndege inazunguka juu mara sita, Bwana Sigara akitoa ngumi dirishani, na chini Anselemi akiongea na mchungaji taratibu, akimuuliza habari za nyumbani, za mvua, za watoto, mpaka ng'ombe wa mwisho akaondoka kwa hiari yake. Tulipomwuliza kwa nini hakuwafukuza kwa fimbo, alisema ng'ombe aliyetishwa anakimbia popote, hata mbele ya ndege.

Sasa nifike siku ile.

Kule Albertville mafuta yalikuwa yanawasumbua. Mara mbili injini ilikohoa hewani baada ya kujaza kule, na Bwana Sigara akasema hatajaza tena mpaka wafanyakazi wao wafundishwe. Wakubwa wakapendekeza mtaalamu kutoka mbali. Yeye akawaambia mtaalamu yuko Uvira, ana masikio makubwa. Sijui alibishana nao kiasi gani, ila baada ya wiki chache jibu likaja: Kapita Anselemi ataenda Albertville kwa siku saba, atafundisha, na atasafiri kwa ndege.

Mjue kwamba mtu huyu alikuwa ameinua ndege kwa mikono yake kwa miaka yote ile, na hakuwa amewahi kukaa ndani yake, ila kufuta viti. Aliposikia habari alienda kukagua mapipa. Baadaye akaninong'oneza kuniuliza kama ndani ya ndege watu wanavua viatu.

Asubuhi ya safari alikuja amevaa koti jeusi la ndoa yake, lililombana mabegani, na kofia mpya. Kwenye mfuko mdogo alikuwa na shati moja, kioo cha taa, na ngozi ya kuchujia aliyoikunja ndani ya leso. Alikwenda mwenyewe kwenye mizani, akasimama wima, akaniambia niandike: kilo hamsini na tisa pamoja na mfuko. Halafu akaja akasimama kando ya bawa, mikono nyuma, ili asiguse mafuta akaenda kunuka mbele ya wenyeji wake.

"Leo minye niko musafiri," alisema. "Kapita ni weye."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kujaza ndege peke yangu toka mwanzo hadi mwisho. Nilifunga waya. Nililowesha ngozi. Nilimimina bidoni, yaani madumu, kumi na mbili. Kisha nikafungua kibomba cha chini ya injini, pale maji yanapojikusanya kama yapo, nikakinga mafuta kwenye chupa nyeupe. Hiyo ilikuwa sheria ya Anselemi mwenyewe, sijaiona kwingine wakati ule: kila safari chupa moja, inazibwa, inaandikwa siku, inafungiwa kwenye sanduku mpaka habari ije kwamba ndege imefika. Niliinua chupa kumwonyesha. Aliitazama dhidi ya jua kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa mara moja, akapanda.

Alikaa mbele, kando ya Bwana Sigara. Siku hiyo hakukuwa na abiria mwingine, mifuko ya barua tu. Kofia alikuwa ameishika mapajani. Kabla dirisha halijafungwa alitoa kichwa akaniambia nisisahau kuligeuza pipa la tatu, kizibo chake hakijakaa sawa. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilidhani siku hiyo angalau ataniacha.

Ndege ilikimbia, ikaacha majani, ikaelekea ziwani kama kawaida. Ilikuwa imefika urefu wa mitende mitatu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, si zaidi. Injini ikapiga kitu kama kikohozi kikavu. Ikapiga tena. Halafu kimya.

Ndege isiyo na urefu haiwezi kurudi nyuma. Rubani mzuri anatafuta mahali mbele yake. Mbele yake kulikuwa na mchanga wa ufukwe, sawa kabisa, mahali ambapo labda ndege ingetua ikavunja miguu tu. Lakini juu ya mchanga huo, asubuhi hiyo, akina mama zaidi ya ishirini walikuwa wameanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na watoto mgongoni. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alimwona mzungu akipunga mkono dirishani, kwa nguvu, akiwaambia watoke. Hawakuelewa. Walisimama wakitazama. Basi akapindisha ndege kuelekea kwenye matete, na alipoipindisha, bawa likashika maji.

Tulikimbia. Wale akina mama walifika kabla yetu, wameingia majini hadi kifuani na nguo zao. Tuliwatoa wote wawili kwa mikono yetu. Walikuwa wamekufa. Akina mama walivua vitenge vya juu wakawafunika, kila mmoja kitenge chake.

Nitawaambia nilichowaza, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilisimama majini, mikono yangu ikinuka esanse, na nikaanza kuhesabu bidoni. Ya kwanza niliikumbuka. Ya pili, ya tano, ya kumi. Ya kumi na mbili sikuikumbuka. Niliona niko na bidoni tupu mkononi, lakini kama niliipitisha kwenye ngozi au niliimimina moja kwa moja, kichwani hamkuwa na kitu.

Mchana bwana mmoja wa teritware, yaani wa serikali ya wilaya, alikuja na karani wake, akakaa kwenye kibanda chetu, akauliza nani alimimina mafuta. Nikasema ni mimi. Akauliza nani alinisimamia. Nikasema hakuna. Aliandika bila kuinua kichwa, na wenzangu wakaulizwa mmoja mmoja kama mimi ni mlevi. Nikapelekwa kufungiwa Uvira mjini. Nikiwa huko ndani, Anselemi alipelekwa kwao Bwegera juu ya lori la pamba na kuzikwa, na Bwana Sigara alivushwa kwa boti mpaka Usumbura. Sikumsindikiza hata mmoja.

Siku ya tatu walinirudisha kiwanjani. Alikuwa amefika mekanisie mzee, fundi wa injini kutoka Usumbura, Mgiriki, mwenye vidole vinne mkono wa kulia. Injini ilikuwa imevutwa kutoka kwenye matete, imewekwa juu ya mbao. Yule bwana wa teritware alimwambia kwamba jambo liko wazi, mfanyakazi ameweka maji, na hapa pamebaki kutia sahihi. Mekanisie akanigeukia akaniambia nimweleze nilivyomimina, tangu pipa mpaka mwisho.

Nilimweleza. Waya, ngozi, kibomba, chupa. Aliposikia chupa akasimama. Sanduku likafunguliwa, ikatolewa. Bwana wa teritware akasema chupa inaweza kubadilishwa na mtu yeyote. Ni kweli, mekanisie akasema, basi tuangalie ile ambayo hakuna aliyeweza kuigusa. Akafungua kikombe cha chujio ndani ya injini yenyewe, kile kinachokinga mafuta kabla hayajaingia kuwaka, ambacho kilikuwa kimefungwa kwa waya na bado kimefungwa. Akamimina kwenye kioo. Hakuna shanga hata moja. Akavilinganisha, kioo na chupa, rangi moja.

Kisha akaanza kufungua injini. Ilichukua saa nyingi. Hakuna aliyeondoka. Mwishowe aliingiza vile vidole vyake vinne, akatoa vali iliyokatika vipande viwili, na mahali ilipokatikia pamekuwa peusi, ufa wa siku nyingi. Alikuja nilipokuwa nimeketi chini kati ya askari wawili, akaniwekea vipande mkononi.

"Esanse iko safi," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hiki ndicho kimeua. Kama ungemimina weye ao malaika, ingeanguka tu."

Nikaachiwa. Katika raporo, taarifa yao ya ajali, waliandika jina la rubani kamili, na baada yake wakaandika "na mfanyakazi mmoja wa hapa". Karani, kijana wa Uvira, aliniona ninavyosoma kwa kuchungulia. Akauliza jina la marehemu, akaliandika mwenyewe pembeni, kwa herufi ndogo ili lienee.

Mngedhani nilifurahi. Nilirudi Nyamianda nikamwambia mke wangu kwamba kazi ya ndege imekwisha. Vipande vile vilikuwa vimenitoa gerezani, lakini bidoni ya kumi na mbili ilikuwa bado iko nami. Mekanisie alisema injini ilivunjika, sawa. Lakini mimi nilijua kwamba nilipewa ukapita kwa asubuhi moja, na sikumbuki kama niliumaliza. Nikachukua vitu vya Anselemi vilivyobaki kibandani, shati lake la kazi, kiti chake kidogo na rozari yake, nikavifunga kwenye baiskeli nikaenda Bwegera.

Mama Leokadia, mjane wake, alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kuliko mume wake kwa kichwa kizima. Alipokea vitu, akanipa maji, akanikalisha na watu wa matanga. Nikangoja aniulize. Hakuniuliza. Aliniambia mpunga umeiva na unaanza kupukutika, na mwenye kuukata amelala pale nyuma ya nyumba, kama nina nguvu niingie shambani. Nikaingia. Jumapili baada ya misa nikashangaa kuona wenzangu wanne wa kiwanjani wanakuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kila mmoja na panga lake. Walitembea tangu Jumamosi.

Tulikuwa na ari kubwa na ujuzi mdogo. Sisi tulijua kukata majani ya kiwanja, mafupi, sawasawa, mstari kwa mstari, na ndivyo tulivyokata mpunga, chini kabisa, mashuke tukiyaacha yadondoke popote. Mama Leokadia alikuja mchana na chakula. Alisimama ukingoni, akatazama kile tulichokifanya.

"Mumenikatia mupunga," aliuliza, "ao mumenitengenezea pa kutua?"

Akaanza kucheka. Alicheka kwa muda, huku ameshika sufuria, kisha akaketi palepale kwenye matope na kicheko kikageuka. Sisi watu wazima watano tukasimama na mapanga, tukalia naye. Halafu akajifuta, akatuonyesha namna ya kushika shina na mahali pa kukata, na tulipomaliza shamba la pili tulikuwa tumekuwa wakulima wa kadiri.

Jioni hiyo wenzangu walipokuwa wanaoga mtoni, nilimwambia. Nilimweleza vali, nikamweleza bidoni ya kumi na mbili, nikamweleza kwamba kazi nimeiacha. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono.

"Ulimuonyesha ile chupa?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliitikia kwa kichwa."

Hapo mikono ikasimama. "Minye nimekaa naye miaka makumi mbili," alisema. "Nimemuzalia, nimemupikia. Hata sombe yangu hakuiitikia kwa kichwa siku moja. Kama aliitikia, mutoto wangu, ilikuwa sawa."

Aliendelea na mboga zake. Akaniuliza ndege nyingine itakuja lini. Nikamwambia nimesikia italetwa moja Alhamisi, na rubani mgeni. Akauliza nani ataimiminia. Nikasema sijui, labda watatafuta mtu. Akauliza mtu huyo atafundishwa na nani. Jibu moja lilikuwa limezikwa nyuma ya nyumba, na lingine lilikuwa limeketi mbele yake.

"Mutaondoka kesho asubuhi," alisema. "Mupunga unaobaki nitaukata minye, mumejifunza ya kutosha juu ya shamba langu."

Tuliondoka asubuhi, sote watano, tukipokezana baiskeli.

Alhamisi ndege ilishuka. Rubani alikuwa kijana, hata ndevu hazijakaa vizuri, na alikuwa na mgonjwa wa kupeleka lopitali ya Usumbura, mama mmoja wa Uvira mwenye uchungu uliokwama siku mbili, pamoja na dada yake. Alitaka tuharakishe. Nilimwambia nitaharakisha miguu, lakini mafuta yatapita kwa mwendo wake. Alitazama saa, akamtazama mama yule kwenye machela, akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Akasema, "Haya, Kapita."

Nilimimina bidoni nane. Nilizihesabu kwa sauti, mwenzangu mmoja akiitikia kila moja, na hivyo ndivyo nilivyohesabu mpaka siku niliyostaafu, na ninyi ninawasihi mhesabu hivyo, kwa sauti, na mtu wa kuwaitikia. Ndege ikakimbia, ikaacha majani, ikapita juu ya ufukwe, ikapita urefu ule wa mitende mitatu, ikaendelea. Nilisimama kiwanjani mpaka ikawa kama inzi juu ya maji, mpaka sauti yake ikaisha upande wa Usumbura. Baadaye tulisikia mtoto alikuwa wa kiume na mama amepona.

Halafu nikanawa mikono, nikaenda kula.